Maji ya Uwanda wa Magogo

Jumatano, 1 Novemba

Wamefika! Wa kwanza nimemwona asubuhi, ametua juu ya bati la choo. Nikasema, Odilón huyo. Marehemu mume wangu hakuwahi kuchagua mahali pa maana pa kukaa.

Nimewasha ubani, nimepanga maua ya manjano mezani kwake, nimeweka sigara zake na ile chupa ndogo. Chapati za mahindi nitaziweka kesho zikiwa moto, maana leo ni siku ya watoto waliokufa, kesho ndiyo ya wakubwa. Yesenia, mke wa mwanangu, alisimama mlangoni na tumbo lake akaniuliza kama kweli ninaamini kwamba vipepeo hawa ni roho za watu wetu. Nikamjibu kwamba wageni wakiniuliza, naamini sana. Alicheka. Sikumwambia kwamba hata wasiponiuliza naamini kidogo.

Mchana walijaa angani, rangi ya chungwa tupu, wanashuka kutoka Kaskazini kama kila mwaka. Wanavuka mpaka bila karatasi. Isauro mwanangu aliwatazama akatema mate chini. Yeye alirudishwa kutoka huko kwa pingu.

Jumapili, 19 Novemba

Msimu wa wageni umefunguliwa. Hotuba, mkanda, mkasi, padri, kila kitu. Kilichokosekana ni vipepeo!

Mwaka huu wameshikana kwenye misonobari ya juu kabisa, kule ambako hata farasi anafika akitoa povu. Ilikuwa zamu yangu ya kuongoza. Nina zamu kwa sababu Odilón alikufa na haki yake katika jumuiya yenye msitu huu ikaja kwangu. Angekuwa hai ningekuwa bado nakaanga chapati za jibini kibandani. Nilipandisha familia moja kutoka mji mkuu. Yule mama alivaa viatu vya harusi. Nusu ya njia akakaa juu ya jiwe akauliza kwani hakuna wengine wa karibu. Mumewe akasema wamelipa kuona vipepeo, si kuona mawe.

Niliwasimulia ile hadithi ya roho hapohapo kwenye jiwe, kuwapoza. Isauro ndiye aliyenifundisha nisimame kidogo ninapofika kwenye jina la Odilón, nitazame juu, halafu niendelee. Yule mama alilia. Wakanipa bakshishi nzuri, wakashuka.

Nikirudi nilikuwa na ladha mbaya mdomoni.

Jumanne, 12 Desemba

Sikukuu ya Mama Bikira. Fataki tangu alfajiri, mbwa wote wako chini ya vitanda. Chini ya kitanda changu mbwa hakuingia. Kuna msumeno wa Odilón.

Niuandike leo kwa kuwa nimeufikiria siku nzima. Odilón alikuwa mkata miti, na alikuwa hodari. Ule uwanda ulioko juu ya vibanda, tunauita Uwanda wa Magogo, ni yeye na wenzake walioufyeka, wakarundika magogo pale yakisubiri lori. Wageni walipoanza kuja, jumuiya ikaona mti uliosimama na vipepeo juu yake unalisha watu kila mwaka, ulioanguka unalisha mara moja. Odilón akaufunga msumeno ndani ya gunia, akausukuma chini ya kitanda, akavaa kofia ya mwongoza wageni. Alinung'unika mpaka anakufa kwamba kazi ya kuongea ni kazi ya wanawake.

Kwa hiyo asije mtu kuniambia wageni hawajafanya la maana. Majirani zetu wa bonde la pili hawana wageni, na mlima wao sasa ni kipara. Nauona nikianika nguo.

Lakini wageni wa mwaka huu ni wachache mno. Na yule mnunuzi wa mbao, mwenye kofia nyeupe, leo alikuwa kwenye ibada, amekaa benchi moja na mwenyekiti wetu Don Abundio. Wanapeana mkono wa amani! Nilimkazia macho mpaka akatazama sakafu.

Jumatano, 27 Desemba

Mkutano wa jumuiya. Makelele mpaka kuku wakaruka.

Don Abundio alisema mnunuzi anautaka msitu wa juu. Si wote, ati, ni "kuupunguza". Msumeno ukiingia hauna kupunguza, nilisema mimi. Akanijibu, "Doña Tila, wewe una zamu, wengine wana njaa." Watu wakapiga makofi. Ndio walewale ninaowakopesha unga.

Ndipo Isauro akasimama. Moyo wangu uliruka, sijui kwa fahari au kwa hofu. Alisema wageni hawataki kupanda, basi vipepeo washushwe. Watu wakacheka. Mmoja akamwuliza atawashusha kwa kamba au kwa filimbi.

"Kwa maji," akasema. "Jua likiwaka wanateremka kutafuta maji ya kunywa. Hivi sasa wanayapata wapi? Kijito tumekiingiza chote kwenye vyoo na vibanda. Tuvute mpira mmoja tu wa maji mpaka Uwanda wa Magogo. Tulowanishe chini, pawe na tope kidogo. Watakuja wenyewe, na mgeni atawaona akiwa na kahawa mkononi."

Halafu mikono ikapanda, karibu yote. Don Abundio akasema haya, tumpe kijana nafasi: wageni wakijaa mpaka ile wikendi ndefu ya Februari, mnunuzi ataambiwa aende zake. Wasipojaa, msitu wa juu unakatwa.

Na mimi niliinua mkono. Ni mwanangu, na wazo lilikuwa zuri.

Jumapili, 7 Januari

Jamani, nimeona maajabu. Saa sita, jua kali, na wakashuka! Uwanda mzima umegeuka zulia. Wanakunywa tope, wanafumba na kufumbua mabawa, hata mahali pa kuweka mguu hakuna. Bibi mmoja wa kiti cha magurudumu alisukumwa mpaka ukingoni. Alishika mkono wangu tu. Kipepeo akatua kwenye goti lake. Leo sikuhitaji hadithi ya roho.

Mabasi matatu. Yesenia aliishiwa unga. Isauro amelewa furaha, anawasalimia wageni kwa Kiingereza chake cha kufyekea bustani za watu. Nimemwona akicheka kama alivyokuwa kabla ya pingu.

Ijumaa, 12 Januari

Mabasi tena. Mtu mmoja alilala chini kifudifudi apige selfi nao. Nilimwambia ainuke, akaniambia ametoka mbali. Na vipepeo wametoka wapi, hapo dukani?

Vumbi la farasi limetanda mpaka miti ya njiani imekuwa myeupe. Nakohoa. Hata Odilón hakukohoa hivi mwanzoni.

Jumatano, 17 Januari

Nimejua leo.

Nilipanda mapema kuliko kawaida kwa sababu nilisahau sufuria kibandani. Kulikuwa na sakitu, majani yamekuwa meupe na yanavunjika chini ya kiatu. Uwandani nikamkuta Isauro anafagia. Nikafikiri anafagia majani.

Hayakuwa majani.

Alinisikia akageuka. "Mama, umekuja kufanya nini saa hizi?" Nikamwuliza yeye anafanya nini. Akasema jana wingu lilikuja ghafla jioni, wengine hawakuwahi kurudi juu. Baridi ikawashikia chini. "Ni wachache. Huko juu wako mamilioni. Hata msituni wanakufa, wewe mwenyewe unajua."

Najua. Lakini wanaokufa msituni hakuna anayewafagia kabla ya kiamsha kinywa.

Nilimwuliza amefagia asubuhi ngapi. Alifunga gunia. Nyuma ya kibanda kuna magunia mengine. Nilikaa juu ya kisiki, kisiki cha Odilón pengine, na hasira ikanipanda hadi masikioni. Nilimkasirikia Isauro, na Abundio, na yule mama wa viatu vya harusi, na mimi na mkono wangu nilioupandisha.

Jumamosi, 20 Januari

Noemí amekuja, yule binti wa chuo kikuu anayehesabu vipepeo kila mwaka na kulala kwetu. Nilimpa maharage na uji wa mahindi, kisha nikampeleka uwandani bila kumwambia mwanangu. Alipapasa ardhi, akatazama juu palipo wazi. Akasema chini ya miti kuna joto kidogo usiku, matawi ni blanketi. Hapa blanketi limetoboka. Kipepeo aliyelowa, mahali pa wazi, penye sakitu: haamki.

Isauro akatukuta. Nilidhani atafoka, lakini alichuchumaa karibu naye akamwuliza kwa upole: "Sasa niambie wewe uliyesoma. Hawa wageni wanawasaidia vipepeo au wanawaua?"

Noemí alifuta tope mikononi. Akasema bila wageni msitu huu ungekuwa milango na meza huko mjini, hilo ana hakika. Pamoja na wageni, hajui.

"Hujui!" akasema Isauro. "Mimi mtoto wangu anazaliwa Machi. Nimlishe hujui?"

Wakaongea. Wakapatana jambo: bomba lifungwe kivuli cha miti kinapofika kwenye vibanda. Maji yakiacha kutiririka, vipepeo watarudi juu wakati jua bado lipo. Wageni wa jioni watakosa, basi, wakose.

Noemí akaondoka na basi la mchana. Alinikumbatia sana. Hakuniambia kama ataandika popote, nami sikuuliza.

Alhamisi, 25 Januari

Inafanya kazi! Bomba linafungwa kivuli kikifika, wanaruka juu wote, kama watoto walioitwa kula. Leo asubuhi nilikuta wafu wachache tu, nikawazika kwa ncha ya kiatu.

Isauro aliniuliza, kwa uso wa upande, "Umefurahi sasa?" Nikamjibu nimefurahi robo. Akasema mama za wenzake wanafurahi kamili. Nikamrushia kitambaa cha vyombo.

Jumatatu, 29 Januari

Mnunuzi wa mbao amekuja na gari lake mpaka mlangoni kwa Abundio. Wametembea msitu wa juu wakiwa na rangi ya kupulizia. Nilipanda baadaye kuangalia. Miti yenye alama nyekundu. Baadhi ina vipepeo wameshikana kuanzia shinani hadi juu, na ile rangi imepulizwa juu ya mabawa yao.

Nimerudi nikamkuta Isauro amepiga magoti chumbani kwangu. Ameuvuta msumeno wa baba yake, ameutoa guniani, anautia mafuta. Nilimwuliza ana maana gani.

"Maana yake Kaskazini sirudi, mama. Wikendi ikiharibika, watakata. Wakikata, na mimi nitakata, sitakaa kuwatazama wenzangu wakichukua."

Harufu ya yale mafuta! Nimeikumbuka miaka yote ile kwenye mto wetu wa kulalia. Nilienda nje nikakata kuni ambazo hatuzihitaji.

Ijumaa, 2 Februari

Siku ya kumvika Mtoto Yesu nguo mpya, na ya tamale, yale maandazi ya unga wa mahindi tunayoyapika kwa mvuke ndani ya maganda. Abundio ndiye aliyepata kisanamu kinachofichwa ndani ya keki ya Januari, na desturi anayekipata hulisha wengine, kwa hiyo tamale ni juu yake. Zilikuwa kavu. Hata katika hilo anabana.

Kesho wikendi ndefu inaanza. Wamepiga simu kutoka miji yote. Abundio amesema kila mtu awe kazini, vyoo vioshwe, farasi wachanwe manyoya. Na amesema bomba halitafungwa mapema wikendi hii. Mabasi mengine yatafika alasiri, hatuwezi kuwaonyesha tope kavu.

Isauro alimwambia, "Don Abundio, tulikubaliana." Abundio akamwambia, "Tulikubaliana wageni wajae. Watajaa saa ngapi, asubuhi peke yake?" Mwanangu akanitazama. Nilingoja aseme neno. Akachukua tamale nyingine.

Mimi pia nilikuwa na tamale mdomoni.

Jumamosi, 3 Februari

Watu, watu, watu! Magari yamepangwa mpaka makaburini. Sauti imenikauka. Ile hadithi nimeisimulia mpaka jina la Odilón limekuwa kama jina la sabuni. Kijana mmoja alirusha droni, ikalia juu yao kama nyuki, vipepeo wakaruka wote kwa mkupuo, na umati ukapiga makofi. Nilipiga kelele aishushe. Wakadhani ni sehemu ya maonyesho.

Alasiri bomba bado liko wazi. Kivuli kilifika kwenye vibanda, kikapita. Basi la mwisho ndiyo kwanza linaegesha. Nilienda mwenyewe kwenye koki. Abundio alikuwa amekaa juu yake. Kweli kabisa, amekaa juu yake na kiti chake cha plastiki, anakula mahindi ya kuchoma.

"Doña Tila, nenda ukasimulie."

Wingu lilitoka upande wa bonde la pili, upande wa kipara. Halina miti ya kulizuia huko. Baridi ilishuka palepale, wageni wakavaa makoti wakakimbilia kahawa. Vipepeo wakabaki chini. Walijaribu. Walikuwa wanatetemesha mabawa, wakipanda juu ya nyasi, juu ya mawe, juu ya mguu wa kile kiti. Nikaanza kuwaokota. Isauro akanishika mkono, akasema kwa sauti ya chini sheria ni kutowagusa, wageni wanaangalia.

Sheria! Ameikumbuka leo.

Jumapili, 4 Februari

Naandika nyuma ya kibanda, nimekalia kreti ya soda. Yesenia anafikiri natafuta dawa ya kichwa.

Asubuhi kila kitu kilikuwa cheupe. Uwanda wote. Kwanza sikuiona rangi ya chungwa, sakitu ilikuwa imeifunika. Kisha nikakanyaga, nikasikia.

Isauro alikuwa amekuja na fagio mbili. Macho yake mekundu, hakulala huyu. Akasema mabasi mawili yameshafika langoni, amewazuia kwa kahawa ya bure. Akasema leo ndiyo siku, wageni wakiona hivi watapiga picha, watazituma, kesho hatakuja mtu, na Jumanne miti yenye rangi itakuwa chini. "Halafu hawa wengine wa juu watalala wapi, mama? Niambie. Watalala wapi?"

Nikachukua ufagio mmoja.

Nikafagia. Niandike wazi: nilifagia vizuri. Nilianzia ukingoni nikaja katikati, kama ninavyofagia ua wangu. Hawana uzito. Gunia zima unaliinua kwa mkono mmoja. Mengine alibeba Isauro akayamwaga bondeni. La mwisho lilikuwa langu, nikalifunga nikaliegemeza hapa nyuma ya kibanda kwa sababu kundi la kwanza lilikuwa tayari linapanda, tunawasikia wanacheka.

Niliwasimulia. Nilisimama kwenye jina la Odilón, nikatazama juu. Bibi mmoja aliuliza mbona uwanda ni safi namna hii. Isauro akamjibu kwamba sisi hapa tunaupenda usafi. Wakatoa bakshishi kwa mikono miwili.

Sasa jua limewaka. Kali, zuri, lile la kuwashusha. Wa kwanza wameshaanza kuteremka kutoka juu, na watu wanasema aaa! Abundio amempigia simu yule wa kofia nyeupe, nimemsikia kwa masikio yangu: asije Jumanne, mambo ni mazuri. Isauro aliniinulia kidole gumba kutoka ng'ambo ya uwanda. Anacheka. Msitu wa juu umepona mwaka huu. Nilitaka kufurahi, nikaja huku nyuma nifurahi peke yangu.

Gunia liko juani. Linatikisika.

Nilidhani panya. Nimeweka kiganja juu yake. Si panya. Ni gunia zima, linatikisika kila mahali, polepole, kama maji kabla hayajachemka. Walikuwa wamegandishwa na baridi tu. Wangapi walikuwa hai tangu asubuhi, nikiwafagia? Na wale wa bondeni?

Nikilifungua hapa watapaa juu ya kibanda mbele ya watu wote. Wengine watalia, wengine watapiga makofi. Halafu mmoja atauliza walikuwa wanafanya nini ndani ya gunia. Yule bibi aliyeuliza juu ya usafi, yeye atauliza. Simu zao ziko juu tayari.

Isauro ananiita. "Mama! Kundi la pili wanakungoja. Wanataka ile ya baba!"

Nimesema naja. Fundo nililifunga mimi mwenyewe, lile la magunia ya mahindi, na vidole vyangu vina baridi. Halifunguki upesi.